Tusihesabu vyeti vya wakimbizi, tuangalie chungu

Mama mmoja mkimbizi alikuja kwangu akilalamikia maumivu ya kichwa na kukosa usingizi. Nilimpima shinikizo la damu nikalikuta sawa. Nilipomwuliza anafanya kazi gani, alitoa mkobani cheti cha ushonaji kilichohifadhiwa vizuri ndani ya karatasi ya plastiki. Alikuwa amehitimu mwaka mmoja na nusu uliopita. Cherehani hakuwa nayo, na kila fundi aliyemwomba kibarua alimtaka aje na yake.

Ndugu msomaji, sitashangaa ikiwa katika ripoti ya mradi uliomfunza, mama huyo yumo miongoni mwa waliofaulu.

Kakuma, kule Turkana, ilianza kupokea wakimbizi mwaka wa 1992, na Dadaab mwaka mmoja kabla. Tangu hapo wengi wamefunzwa ushonaji, useremala, uchomeleaji vyuma na kompyuta. Sibezi kazi hiyo. Uchunguzi wa shirika la IFC lililo chini ya Benki ya Dunia, uliotolewa mwaka wa 2018, uligundua zaidi ya biashara 2,000 huko Kakuma. Shida yangu ni jinsi tunavyoyapima mafunzo haya. Kuhesabu vyeti ni sawa na daktari kujisifu kwa wingi wa dawa alizoandika bila kuuliza ni nani aliyepona.

Sisi madaktari tuna vipimo rahisi ambavyo vingewafaa sana wenye miradi. Chukua utepe wa kupimia mkono wa mtoto wa miezi 6 hadi 59. Mzingo wa juu ya kiwiko ukiwa chini ya sentimita 12.5, mtoto ana utapiamlo. Ukiwa chini ya 11.5, hali yake ni ya hatari. Waulize wazazi jana walikula mara ngapi. Waulize usingizi wao na kama wamekata tamaa. Yapo maswali 9 yanayotumika hospitalini kupima sonona katika majuma 2 yaliyopita. Maswali hayo yaulizwe kabla ya mafunzo, na yarudiwe mwaka mmoja au miwili baadaye, si siku ya sherehe ya kugawa vyeti.

Hata hivyo, hapo pana mtego. Mwaka wa 2023, na tena 2025, mgao wa chakula kambini ulipunguzwa kwa ukosefu wa fedha. Mtu aliyefunzwa useremala kabla ya hapo huenda leo anakula kidogo kuliko alivyokula akiwa mwanafunzi. Je, mafunzo yameshindwa? La, huenda jirani yake ambaye hakufunzwa ana hali mbaya zaidi. Ndiyo maana ni lazima familia za waliofunzwa zilinganishwe na familia zinazofanana nazo ambazo hazikupata nafasi. Bila hivyo tunapima ukame na bajeti za wafadhili, hatupimi mafunzo.

Sheria nayo iangaliwe. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka wa 2021, iliyoanza kutumika Februari 2022, inamruhusu mkimbizi kufanya kazi. Lakini anayeishi kambini huhitaji kibali ili kutoka. Fundi stadi asiyeweza kuwafikia wateja Lodwar, umbali wa kilomita 120 hivi, atagombania wateja wale wale na wenzake waliosoma darasa moja. Mkufunzi hana kosa hapo.

Nisisahau macho na ngozi. Anayechomelea vyuma bila miwani maalum hulala usiku akihisi kama mchanga umemwagwa machoni. Atengenezaye sabuni kwa magadi makali bila glavu huungua vibaya, na yakimrukia jichoni anaweza kuwa kipofu. (Mafundi wetu wa jua kali nao wananisikia?) Mradi unaompa mtu ujuzi bila vifaa vya kujikinga unanipelekea wagonjwa.

Basi ukiombwa mchango kanisani, msikitini au kazini kwa ajili ya mradi kama huu, uliza habari za walioacha kabla ya kumaliza. Wengine huwa ni akina mama waliokosa wa kuwaachia watoto wachanga. Yule mgonjwa wangu alinieleza kuwa darasani mwao walianza 20, wakamaliza 11, na hakuna aliyekwenda kuwauliza wale 9 kilichowatoa.