Zabuni za Serikali kwa Wafanyabiashara Wadogo (Sehemu ya Pili): Kutoka LPO Hadi Malipo

Cheti cha AGPO, kilichojadiliwa katika sehemu ya kwanza, hutolewa bila malipo na Hazina ya Kitaifa ya Kenya. Huwafungulia vijana, wanawake na watu wenye ulemavu asilimia 30 ya ununuzi wa umma. Kanuni za 2011 ziliwatengea asilimia 10 tu. Fungu likaongezwa 2013, na sheria ya ununuzi ya 2015 ikalitia nguvu. Wenye cheti hawadaiwi hata dhamana ya benki wanapoomba zabuni walizotengewa. Hutia saini tamko tu.

Taabu huanza baada ya kushinda.

Tuseme kikundi cha washonaji Nakuru kimepewa agizo la sare za hospitali. LPO, yaani hati ya agizo la ununuzi, wanayo mkononi, lakini mwenye duka la vitambaa anataka pesa taslimu na mafundi wanangoja ujira wa Jumamosi. Mzigo unapelekwa, unakaguliwa, ankara inawasilishwa. Kisha ni kungoja. Kampuni kubwa ina akiba ya kuivusha miezi ya kungoja. Kikundi kilichokopa mtaji kinaliwa na riba kila mwezi, na faida yote huenda huko. Hapa ndipo biashara nyingi changa hufia, wala si kwenye ushindani wa bei.

Uzito wa jambo hili ulionekana 2023, serikali ilipounda kamati ya kuhakiki madeni inayodaiwa na wauzaji na makandarasi. Madai iliyokabidhiwa yalianzia Juni 2005 hadi Juni 2022.

Sheria yenyewe inakataza ofisi ya umma kuanza ununuzi kabla ya kutenga fedha za kutosha. Kwa hiyo, mwenye kuomba zabuni aulize mapema: je, bidhaa hii imo katika mpango wa ununuzi wa mwaka na katika bajeti? Ni busara pia kuwasilisha mzigo na ankara mapema, kwani mwaka wa fedha hufungwa tarehe 30 Juni. Kwa mtaji, Hazina ya Vijana hukopesha kwa kutegemea LPO. Na malipo yakichelewa, sheria inampa muuzaji haki ya kudai riba, haki ambayo inafaa kudaiwa kwa maandishi.

Aliyenyimwa zabuni isivyo haki ana siku 14 za kukata rufaa. Sehemu ya tatu itaeleza rufaa hiyo inavyoandikwa na kupelekwa mbele ya bodi inayosikiliza rufaa za zabuni.