Kusoma Si Kutamka Tu: Tuwafunze Watoto Mpango wa Maandishi



Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, ambaye wahyi wa mwanzo aliomteremshia Mtume wake (s.a.w.) katika pango la Hira ulikuja na amri ya kusoma. Amri hiyo twaitaja mara nyingi mimbarini na katika mahafali ya watoto wetu. Lakini ni nadra kujiuliza: tunapomwambia mtoto asome, twataka afanye nini hasa?

Swali hili lilitukabili siku tulipomzuru jirani ambaye mtoto wake mchanga alikuwa akiharisha. Mama alikuwa amepewa pakiti za ORS pamoja na karatasi ya maelezo. Akamwita bintiye wa Gredi ya 5: “Mwanangu, hebu nisomee.” Binti akasoma kutoka juu hadi chini bila kukwama hata mara moja. Mama akauliza, “Haya, sasa tuanze na lipi? Na ni wakati gani nimrudishe hospitali?” Binti akanyamaza kidogo, kisha akaanza kusoma upya kutoka juu.

Hatukuweza kumlaumu. Sisi ndio tuliomsomesha chuoni, na pongezi zetu zote tulizitoa kwa ufasaha wa ulimi wake. Hatukuwahi kumwonyesha kwamba karatasi kama ile ina sehemu mbalimbali, na kila sehemu ina kazi yake. Tukaketi naye, tukaigawa kwa mistari ya kalamu. Sehemu ya kwanza ilikuwa ya hatua: kunawa mikono, kupima maji safi, kumimina pakiti nzima, kukoroga, kumpa mtoto kidogo kidogo. Ya pili ilitoa sababu: maji yakiwa machache kuliko yaliyotajwa, chumvi huzidi na kumdhuru mtoto. Ya tatu ilikuwa ya tahadhari: iwapo kuna damu katika choo, macho yamezama, au mtoto hawezi kunywa, basi apelekwe hospitali mara moja. Binti alipoyaona hayo, alimjibu mama yake maswali yote mawili bila kusoma tena.

Mipango mitano

Maandishi ya maarifa, tofauti na ngano za kubuni, aghalabu hufuata mipango mitano. Upo mpango wa maelezo, unaotaja sifa za kitu: mnazi una dafu, kuti, kumbi na kifuu, na kila kimoja kina matumizi yake. Upo wa mfuatano, wenye maneno kama kwanza, kisha, hatimaye. Upo wa sababu na tokeo: mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, jua na mwezi huvuta maji ya bahari kwa pamoja, na kwa hivyo huja bamvua. Upo wa ulinganishi, unaojulikana kwa ilhali, bali, kinyume na: maji ya bamvua hujaa sana na kupwa sana, ilhali maji mafu hayana tofauti kubwa hivyo. Na upo wa tatizo na utatuzi.

Jambo moja laweza kuandikwa kwa zaidi ya mpango mmoja, na kila mara maana huelekea upande mwingine. Tuchukue mikoko. Mwandishi akieleza mizizi na majani yake, msomaji atajua mti. Akieleza kwamba mikoko ikikatwa samaki hukosa pa kuzalia na ufuo humomonyoka, msomaji ataona hatari. Akisimulia jinsi wenyeji wa Gazi, Kwale, kupitia mradi wa Mikoko Pamoja, walivyojitolea kuipanda na kuilinda, na mapato ya hewa ya kaboni yakasaidia maji na shule, msomaji ataona njia. Mti ni ule ule. Mpango ndio uliobadilisha funzo.

Elimu hii si ngeni kwetu

Asidhani mzazi kwamba haya ni mambo ya mtaala mpya peke yake. Mwanafunzi wa nahau ya Kiarabu hufunzwa mapema tofauti ya viunganishi vitatu: “wa” huunganisha bila kulazimisha mfuatano, “fa” huonyesha kufuatana papo hapo, na “thumma” hufuatanisha kwa kuacha muda kati.

Tazama pia aya ya 6 ya Surat al-Maida, inayotaja udhu. Kichwa, ambacho hupakwa maji, kimetajwa kati ya viungo vinavyooshwa. Wanazuoni wa madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu hapa pwani, waliona mpangilio huo haukuja bure, wakauchukua kuwa miongoni mwa dalili za kuhesabu tartibu kuwa fardhi ya sita ya udhu. Wafuasi wa Imam Abu Hanifa huiona kuwa sunna. Tofauti hiyo yenye heshima yatufunza kuwa wanazuoni wetu walisoma maneno, na walisoma pia mahali maneno yalipowekwa.

La kufanya nyumbani

Mama hahitaji cheti cha ualimu. Kabla mtoto hajasoma, mwulize vichwa vidogo vya habari vyaahidi nini. Anaposoma, apigie mstari maneno yanayofichua mpango: kwa sababu, lakini, baadaye, iwapo. Akimaliza, usimwulize tu “umesoma nini?” Mwulize, “mwandishi ameyapangaje, na kwa nini?”

Lipo pia zoezi la mkasi. Andika hatua za kupika mahamri, kila hatua katika kipande chake cha karatasi, uvichanganye, kisha mtoto avipange. Fanya vivyo hivyo kwa sentensi za matumizi ya mnazi. Atagundua mwenyewe kwamba mahamri hayakubali kukaangwa kabla ya kukandwa unga, ilhali kuti laweza kutajwa kabla ya dafu na maana isiharibike. Hapo atakuwa ameelewa ni wapi mpangilio unabeba maana na ni wapi haubebi.

Nasi waalimu wa vyuo tujirekebishe. Tuendelee kuwasifu watoto kwa matamshi mema, kwani hiyo ni amana. Lakini sifa isiishie hapo. Ipo siku mtoto atakuwa ndiye msomaji wa pekee nyumbani, na karatasi mkononi mwake ihusu uhai wa ndugu yake.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awajaalie watoto wetu elimu yenye manufaa, na atusamehe tuliyoyapuuza katika kuwafunza. Amin.