Maji Safi, Maji Salama: Kihisi cha Mwanga na Mipaka ya Neno

Kauli "maji safi na salama" imezoeleka mno katika hotuba na nyaraka za Tanzania, hata wasikilizaji wengi huidhani kuwa ni takriri, kama ilivyo "amani na utulivu". Uchunguzi wa maana waonyesha vinginevyo. Neno safi limetoholewa kutoka Kiarabu, nako hubeba dhana ya uangavu: kitu kisicho na tope wala mchanganyiko. Hiyo ni sifa inayoshuhudiwa na jicho. Salama, ambalo nalo asili yake ni Kiarabu, ni kuepukana na madhara, na madhara ya maji aghalabu hayaonekani. Tofauti hiyo imepata uzito mpya tangu vihisi vya mwanga vianze kutumika kutambua vichafuzi vya maji papo hapo, bila kusubiri maabara.

Kingerikiti yafaa kuwa mfano. Kata hiyo ya vilima vilivyo kati ya Mbinga na mwambao wa Ziwa Nyasa ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Mbinga hadi Wilaya ya Nyasa ilipoundwa mwaka 2012. Katika nchi ya miinuko kama hiyo, mvua hushusha udongo mitoni. Wamatengo, majirani wa upande wa juu, walilijua tatizo hilo zamani. Mashimo yao ya ngolo, yachimbwayo kwenye miteremko, hunasa maji na udongo kabla havijafika bondeni. Majira ya mvua yakipita huja mavuno ya kahawa, na kahawa inayomenywa kwa maji huacha majitaka yenye sukari na mabaki ya nyama ya tunda. Yakiingia kijitoni, vijidudu huyala mabaki hayo na kumaliza oksijeni ya maji.

Kihisi hakioni udongo wala kahawa. Kinaona mwanga tu. Taa ndogo hurusha miale, mara nyingi ya infraredi, ndani ya maji. Chembe za udongo huitawanya, na kipokezi kilichowekwa pembeni kwa nyuzi 90 hupima kiasi kilichotawanywa. Maji yasiyo na chembe huipitisha miale moja kwa moja, na kipokezi hubaki gizani. Kiasi hicho hutajwa kwa kipimo kiitwacho NTU. Shirika la Afya Duniani laeleza kwamba jicho la kawaida huanza kuuona ukungu wa maji yafikapo kiasi cha NTU 4, ilhali klorini hufanya kazi vizuri zaidi maji yakiwa chini ya NTU 1. Kati ya tarakimu hizo mbili kuna maji ambayo mchotaji atayaita safi, na ambayo dawa itapata taabu kuyatibu.

Majitaka ya kahawa yana tabia nyingine. Sehemu iliyokwisha kuyeyuka haitawanyi mwanga sana, bali baadhi ya kemikali zake huufyonza, hasa mwanga wa urujuanimno wenye urefu wa mawimbi wa nanomita 254 hivi. Kwa hiyo kifaa chenye taa mbili hupata majibu mawili: mtawanyiko mkubwa huashiria udongo, na ufyonzaji mkubwa penye mtawanyiko mdogo huashiria vitu vilivyoyeyuka. Programu hulinganisha mchanganyiko wa majibu hayo na sampuli ambazo binadamu alikwisha kuzipima na kuzipa majina. Hapo ndipo lugha inapoingia ndani ya mashine. Mashine haikubuni neno "chafu", ilifundishwa.

Kinyesi ni kichafuzi kigumu zaidi, kwani maji yaliyobeba vimelea vya kuhara yanaweza kung'aa kama kioo. Kipimo cha kuotesha bakteria huchukua muda wa siku moja hivi. Kihisi cha fluoresensi hujibu kwa sekunde: hurusha mwanga wa nanomita 280 hivi na kupokea ule wa nanomita 350 unaorudishwa na vitu vyenye sifa kama za triptofani. Njia hiyo imejaribiwa katika visima vya Kwale, pwani ya Kenya. Hata hivyo, inachokipima ni dalili ya hatari, haihesabu vimelea. Tena dirisha la kihisi likiota mwani bila kufutwa, kifaa kitatangaza uchafu wake chenyewe.

Floridi ya Arusha na Kilimanjaro, iliyowatia watu wengi meno ya kahawia, haitambuliwi na kihisi chochote kati ya hivyo. Imeyeyuka, haina rangi. Ili mwanga uitambue ni lazima kwanza itiwe rangi maalumu ambayo floridi huififisha, ndipo kiasi cha kufifia kipimwe.

Basi mtengenezaji anapoandika "SAFI" kwa kijani kwenye kioo cha kifaa kinachopima mtawanyiko peke yake, amesema kweli kwa maana ya asili ya neno na amepotosha kwa maana ya leo. Mama wa Kingerikiti anayechota kijitoni wakati wa kiangazi atalisoma kuwa ruhusa ya kutochemsha. Neno angavu, la asili ya Kibantu na lililo tayari katika kamusi, lingetosha mahali hapo: "maji ni angavu, chemsha kabla ya kunywa". Salama libakizwe kwa maji ambayo bakteria na kemikali zake zimepimwa.