Sauti Moja, Magharibi Mbili: Redio ya Taifa na Saumu ya Ziwani

Redio ya taifa ina sauti moja, lakini jua la nchi yetu halizami kwa wakati mmoja. Kwa asiyefunga, hilo ni jambo dogo. Kwa nyumba ya Kiislamu iliyoko Homa Bay, Kendu Bay au Migori, laweza kuamua iwapo saumu imetimia au imeharibika. Tunaliandika kabla Ramadhani haijabisha hodi, kwa kuwa wengi wa wasomaji wetu ni kina mama wenye kuandaa futari, nao ndio wanaoulizwa na watoto kila jioni, "Mama, bado?"

Tukitazame kwanza chombo chenyewe. Utangazaji ulianza Kenya mwaka 1928, mikononi mwa kampuni ya Waingereza na kwa masikio ya walowezi. Kabla ya uhuru palikuwa na vituo vya majimbo, kikiwemo Sauti ya Mvita hapa Mombasa na kile cha Kisumu kwa watu wa ziwani. Televisheni ilifika mwaka 1962. Mwaka 1964, Ramogi Achieng' Oneko akiwa waziri wa habari, serikali ililitwaa shirika na kuliita Sauti ya Kenya, jina lililodumu hadi 1989 liliporudi lile la KBC. Oneko, tukumbushe, alikuwa mwana wa ziwani.

Nguvu ya sauti hiyo ilionekana tarehe 1 Agosti 1982. Askari waliotaka kuipindua serikali walikimbilia redio, wakamchukua marehemu Leonard Mambo Mbotela, ambaye wazee wetu walimzoea kwa kipindi cha "Je, Huu ni Ungwana?", wakamlazimisha atangaze kwamba serikali imepinduliwa. Walijua kwamba watu huiamini sauti waliyoizoea.

Uaminifu huo ndio unaotuhusu katika habari za mwezi mwandamo. Sheria humtazama mwenye kuleta habari: ni nani, na ni mkweli? Tangazo la Kadhi Mkuu likisomwa na KBC lina mwenyewe anayejulikana, naye aweza kuulizwa kesho yake. Ujumbe wa simu uliopita mikono arobaini hauna baba wala mama. Tunajua kwamba wanavyuoni wamehitilafiana tangu zamani kuhusu mwezi wa mji mmoja kuwalazimu watu wa mji mwingine, na kisa cha Kurayb, aliyeuona mwezi Sham kisha akafika Madina, kinasomwa madrasani hadi leo. Hatuufungui mjadala huo hapa. Ila kwa mama wa Migori ambaye mumewe yuko safarini na jirani zake si Waislamu, tangazo la Kadhi kupitia redio ya taifa ni habari ya kutegemewa, naye ana haki ya kulipata mapema, kabla hajalala bila kutia nia wala kupanga daku.

Tena alipate kwa lugha yake. KBC ina Pwani FM kwa ajili yetu na Mayienga FM kwa wasemao Kijaluo. Bibi aliyesilimu ukubwani kule Kendu Bay huenda Kiswahili cha matangazo kikampita, hasa kikichanganywa na Kiarabu kama tupendavyo sisi masheikh. Wakuria na Wasuba nao wana lugha zao.

Sasa tuje kwenye adhana, ambapo hukumu inageuka. Habari ya mwezi yaweza kuchukuliwa kutoka mbali. Kuzama kwa jua hakuchukuliwi hivyo. Homa Bay na Migori ziko magharibi ya Mombasa kwa zaidi ya digrii tano za longitudo, na kila digrii moja jua huichukua dakika nne. Basi Magharibi ya kule huchelewa kwa kiasi cha dakika 20 baada ya yetu, zikizidi au zikipungua kwa majira ya mwaka. Hata adhana ya Nairobi hutangulia kwa dakika kadhaa.

Mwenye kufuturu Homa Bay kwa adhana ya Mombasa, iwe ya redioni, ya televisheni au ya simu, amekula jua likiwa bado liko juu ya upeo. Wanavyuoni walio wengi wanasema kwamba aliyekula akidhani jua limezama, kisha ikabainika halijazama, ana siku ya kulipa. Adhana ya alfajiri haina hatari hiyo, maana ya Mombasa hutangulia, na aliyejizuia mapema hakupoteza ila kikombe cha chai.

Kosa hili huingia kwa mapenzi. Binti wa Pwani aliyeolewa Homa Bay hupigiwa simu na mamake: "Sisi tushaadhiniwa, mwanangu, kunywa maji." Mama akumbuke kwamba mwanawe bado analitazama jua likishuka upande wa Mbita.

Kwa KBC ombi letu ni jepesi. Adhana ya Magharibi inapotangazwa, itajwe kuwa ni ya mji gani, na Mayienga FM iwatangazie watu wa ziwani wakati wao. Hadi hapo, ratiba ya msikiti wa mji husika ibandikwe ukutani jikoni, karibu na saa, mahali ambapo hata mtoto anayejifunza kufunga ataiona.