Baridi si Moja: Mgeni wa Nchi za Joto Mbele ya Theluji

Neno baridi hutumika kila siku katika Kiswahili, lakini uzito wake hutegemea mahali linapotamkwa. Kwa mkazi wa Mombasa, baridi ni kipupwe cha Juni hadi Agosti, ambapo hata usiku ni nadra kipimajoto kushuka chini sana ya nyuzi 20 za Selsiasi. Kwa mkazi wa Limuru, ni ukungu wa Julai unaomfanya avae sweta mbili na kuota moto jikoni. Baridi hizi husumbua tu. Anayehamia Winnipeg, mji mkuu wa mkoa wa Manitoba nchini Kanada, hukabiliwa na baridi ya jinsi nyingine kabisa: wastani wa Januari huko ni takribani nyuzi 16 chini ya sifuri. Makala haya yanafafanua kwamba kuizoea baridi hiyo si suala la ushupavu bali la maarifa.

Hatari yenyewe si ya kufikirika. Mkesha wa Krismasi wa mwaka 2016, wanaume wawili kutoka Ghana walivuka mpaka kwa miguu usiku, wakitoka Marekani kuingia Manitoba kuomba hifadhi. Walinusurika, lakini baridi iliwapokonya karibu vidole vyote vya mikono.

Je, hali hiyo hutokeaje? Mwili unapopoa, mishipa ya damu iliyo karibu na ngozi hujibana ili joto libaki kwenye moyo, mapafu na ubongo. Vidole, masikio na pua hukosa damu ya kutosha, na hatimaye nyama yake huganda. Upepo huzidisha madhara kwa kuipeperusha hewa vuguvugu inayouzunguka mwili. Nyuzi 20 chini ya sifuri, pamoja na upepo wa kilomita 30 kwa saa, huumiza ngozi kana kwamba ni nyuzi 33 chini ya sifuri. Katika hali hiyo ngozi iliyo wazi yaweza kuganda kabla ya nusu saa kwisha. Dalili ya kutahadhari ni ganzi. Mgeni asiyejua hufurahi maumivu yanapokoma, kumbe ndipo hatari inapoanza. Sehemu iliyoganda haisuguliwi wala haisogezwi karibu na moto, kwa kuwa haina hisia na itaungua bila mwenyewe kujua. Hupashwa kwa maji ya vuguvugu, na daktari hutafutwa.

Kuhusu mavazi, wengi hudhani kwamba koti moja zito latosha. Ukweli ni kwamba kinachotunza joto ni hewa iliyonaswa baina ya nguo, hivyo nguo kadhaa nyepesi zilizopangwa moja juu ya nyingine hushinda koti moja. Pamba haifai kugusa ngozi kwani hulowa jasho na kupoza mwili. Sufu ni bora zaidi. Aidha, glavu zinazoviweka vidole vinne pamoja hutunza joto kuliko zile zinazovitenganisha.

Msamiati nao una nafasi yake. Theluji, neno lenye asili ya Kiarabu, ni ile ianguayo kutoka mawinguni ikiwa nyepesi kama sufi. Barafu, iliyotoka katika neno la Kiajemi lenye maana ya theluji, kwetu ni maji yaliyoganda yakawa magumu. Sakitu, wanayoijua vyema wakulima wa chai wa Kericho, ni umande ulioganda. Tofauti hizi zina manufaa kwa mpita njia. Theluji mpya hushika kiatu. Barafu nyembamba iliyojificha chini yake humwangusha hata mwenyeji. Ndiyo maana wenyeji hupiga hatua fupi, na mikono haikai mifukoni.

Hatimaye kuna suala la mwanga. Mwishoni mwa Desemba, jua la Winnipeg huchomoza yapata saa mbili na nusu asubuhi na kutua saa kumi na nusu jioni. Aliyezoea saa kumi na mbili za mchana mwaka mzima aweza kuingiwa na uchovu na huzuni, akadhani ni upweke tu au udhaifu wa moyo. Hali hii ilielezwa kitaalamu mwaka 1984, na ina tiba, ikiwemo kukaa mbele ya taa maalumu asubuhi. Vilevile, jua la msimu huo ni hafifu mno kuuwezesha mwili kutengeneza vitamini D, hasa kwa wenye ngozi nyeusi, hivyo ushauri wa daktari wahitajika.

Wahenga walinena kuwa tahadhari kabla ya hatari. Wanafunzi wa Kenya na wakimbizi wa mashariki mwa Kongo wanaoelekea nchi hizo huondoka na Kiswahili vinywani mwao. Wakielezwa mambo haya kwa lugha hiyo kabla ya safari, watafika wakijua kwamba baridi si moja.