Sabuni ya kuoshea gari na pikipiki: ichague vizuri, ichanganye kwa kipimo

Barabara kuu ya kutoka Segera kwenda Moshi na Arusha inapita Korogwe, na kando yake vijana wengi wanapata riziki kwa kuosha magari, bajaji na bodaboda. Pikipiki zinazotoka vijijini, Korogwe na Handeni, hufika zimejaa vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika. Kazi ipo. Lakini sabuni isiyofaa, au iliyochanganywa kwa kukisia, inaweza kumaliza faida yote, kuharibu chombo cha mteja na kuunguza mikono ya mwoshaji. Katika makala haya tunaeleza namna ya kuichagua na kuipima.

Sabuni ipi inafaa?

Sabuni ya maji ya matumizi mbalimbali huuzwa ikiwa nzito, kwa kawaida kwenye dumu, na hupunguzwa kwa maji kabla ya kutumika. Nyingi zina alikali, nguvu ileile ya kukata mafuta iliyomo kwenye majivu na magadi. Alikali ikiwa kali, grisi hutoka haraka, lakini pia ngozi hukauka na rangi ya gari hufubaa.

Kwa hiyo tumia sabuni hiyo kwenye tairi, injini, mazulia, viti na plastiki. Bodi yenye rangi ioshwe kwa shampuu ya magari, au sabuni laini iliyopunguzwa sana.

Nunua dumu lenye lebo inayoeleza matumizi na kipimo. Sabuni ya kienyeji isiyo na lebo inaweza kuwa na soda kali iliyozidi. Soda hiyo hula alumini, na rimu nyingi pamoja na mifuniko ya injini za pikipiki ni za alumini. Ikishabadilika rangi, kuisugua tena hakutairudisha.

Petroli na mafuta ya taa tusizitumie kuoshea. Cheche moja inatosha kuwasha moto, na mpira na plastiki huharibika.

Namna ya kupima

Ukiona kwenye lebo imeandikwa 1:10, maana yake ni sehemu moja ya sabuni kwa sehemu kumi za maji. Chupa ya maji ya nusu lita ikijaa sabuni, unaichanganya na lita 5 za maji. Kama lebo haisemi kipimo, anza na hivi:

- Tairi na injini yenye grisi, 1:4. Mililita 200 za sabuni kwa mililita 800 za maji.
- Mazulia, viti vya kitambaa na plastiki chafu, 1:10. Vijiko vikubwa 6 vya sabuni, kisha jaza maji hadi lita moja.
- Dashibodi na milango kwa ndani, 1:20. Vijiko vikubwa 3, kisha jaza maji hadi lita moja.

Weka maji kwanza, sabuni baadaye, ili povu lisifurike. Kijiko hicho kisirudi jikoni.

Kupima kunaokoa fedha. Tuseme lita moja ya sabuni umeinunua shilingi 3,000. Ukiichanganya 1:10 unapata lita 11, na kila lita imekugharimu kama shilingi 270. Ukiimimina bila maji, lita ni shilingi 3,000 zilezile, na itakuchukua maji mengi zaidi kuisuuza.

Unapoosha

Jaribu kwanza sehemu isiyoonekana na usubiri dakika chache. Usioshe chombo kikiwa cha moto au juani, kwa sababu sabuni hukauka na kuacha madoa. Injini ipoe, na nyaya na betri zifunikwe. Suuza kabla sabuni haijakauka. Kwa dashibodi, weka sabuni kwenye kitambaa, usipulizie moja kwa moja, kisha futa kwa kitambaa chenye maji safi.

Usalama

Vaa glavu. Sabuni kali ikiingia jichoni, suuza kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi, kisha nenda kituo cha afya. Usichanganye dawa ya kung'arisha nguo nyeupe na dawa ya choo yenye asidi. Hutoa hewa ya sumu inayoumiza mapafu.

Usihifadhi sabuni kwenye chupa ya soda au juisi. Mtoto huona kinywaji. Akiinywa, usimtapishe. Mpeleke hospitali mara moja, pamoja na chupa yenyewe.

Maji yanaenda wapi?

Wapo wanaoingiza pikipiki mtoni kabisa. Mto Pangani unaopita Korogwe unaendelea Hale hadi baharini, na wapo wenzetu wa chini wanaoyatumia maji hayo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia, ndani ya mita 60 kutoka mtoni, shughuli zinazoweza kuharibu mazingira ya mto. Chota maji kwa ndoo, osha mbali na ukingo, na yenye oili yaingie kwenye shimo lililo mbali na kisima.

Kabla ya mteja wa kwanza kesho asubuhi, andika vipimo hivi vitatu kwenye kipande cha boksi ukibandike unapochanganyia. Hata msaidizi wako mpya atachanganya sawasawa.