Usipa Wakavu, Nyama Chunguni na Hesabu ya Kalori

Mtu aliyepata kusimama katika ufuo wa Matema, Milima ya Livingstone ikiwa nyuma yake na maji ya Ziwa Nyasa mbele yake, ameiona hesabu ambayo wachuuzi wa usipa waifahamu bila ya kalamu wala karatasi: samaki waliojaza beseni wakati wa kuanikwa huanuliwa wakiwa wachache na wepesi, ilhali hapana aliyeibiwa. Kilichotoka ni maji. Samaki mbichi huwa na maji kadiri ya robo tatu ya uzito wake, naye akikauka hata maji yakabaki sehemu moja katika kumi, zahitajika kilo tatu na nusu na ushei za wabichi ili ipatikane kilo moja ya wakavu. Na kwa sababu hiyo hapana mama wa Kyela atakayekubali kubadilishana kilo kwa kilo. Ajabu ni kwamba mtu huyo huyo, akirudi nyumbani na kuteleka nyama, aghalabu huisahau kanuni hiyo, akaihesabu nyama iliyoiva kwa kipimo cha nyama mbichi.

Kalori, kwa maana itumikayo katika elimu ya lishe, ni kiasi cha joto kitoshacho kupandisha hari ya kilo moja ya maji kwa digrii moja ya Selsiasi. Mwishoni mwa karne ya 19 mwanachuoni wa Kimarekani, Wilbur Atwater, alipima joto litokalo katika vyakula vinapochomwa, akatoa kile ambacho mwili hukitupa bila ya kukitumia, na katika kazi yake zikapatikana namba tatu zinazotumika hata leo: gramu moja ya protini huupa mwili kalori 4, ya wanga 4, na ya mafuta 9. Nyama karibu haina wanga kabisa. Kwa hiyo hesabu yake ni ya vitu viwili tu, protini na shahamu, na maji, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya uzito wake, hayatii ndani ya hesabu hata kalori moja.

Zingatia basi shahamu ilivyo na nguvu kuliko kitu kingine chochote kitiwacho chunguni. Steki yenye protini gramu 20 na mafuta gramu 5 katika kila gramu 100 ina kalori 125, lakini nyama ya mbavu yenye protini gramu 18 na mafuta gramu 20 ina kalori 252, yaani maradufu, hali zote mbili zimekatwa katika ng'ombe mmoja na bucha moja. Ndiyo maana si salama kuchukua namba ya kwanza itokayo katika simu, ambayo mara nyingi imetokana na ng'ombe wa Marekani aliyenoneshwa kwa nafaka, ukamvika nayo ng'ombe wetu wa nundu aliyekula majani ya bondeni maisha yake yote. Tunayo majedwali yetu, yaliyotolewa mwaka 2008 kwa ushirikiano wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, Chuo Kikuu cha Muhimbili na Chuo Kikuu cha Harvard. Na kila ayasomaye imempasa kutazama kwanza kama mstari ulio mbele yake wataja nyama mbichi au iliyopikwa, nyama tupu au yenye shahamu.

Tufanye sasa mfano. Umenunua kilo moja ya nyama isiyo na mfupa, na tuchukulie kuwa ina protini gramu 200 na mafuta gramu 100: protini yatoa kalori 800, mafuta 900, jumla 1,700, maana yake ni 170 kwa kila gramu 100. Ukiichemsha mpaka ikaiva, yamkini utapata gramu 650 tu, kwa kuwa nyama hukamuka maji kama nguo ifuliwayo. Lau mafuta yote yamebaki katika nyama hiyo, au mchuzi wake umeliwa pamoja nayo, kalori zingali 1,700, moto haukuziteketeza. Lakini mtu akizidisha gramu 650 za nyama iliyoiva kwa kipimo cha mbichi, atapata 1,105, na hivyo atakuwa amejidhulumu, au amejidanganya, kwa kalori 595, ambazo ni zaidi ya thuluthi ya chakula chake.

Njia iliyo sahihi ni kupima vitu vikiwa vibichi, kisha kuupima mchuzi mzima ukiwa umeiva. Tuseme ile kilo ya nyama imeungwa kwa mafuta ya kupikia gramu 40, ambayo ni kalori 360, na kwa nyanya na vitunguu ambavyo havizidi kalori 94. Jumla ni 2,154. Chakula kilichoiva kikiwa na gramu 1,400, kila gramu 100 ina kalori 154, na sahani ya gramu 250 ina 385. Chumvi na maji hayahesabiwi. Mpishi atumiaye chungu kilichofinyangwa na wanawake wa Kikisi wa Ikombe asikitegemee kipimo cha chungu alichokiandika mwezi uliopita, kwani udongo hunywa maji na mafuta. Akipime chungu kikiwa na chakula, akipime tena baada ya kupakua, na tofauti ndiyo chakula. Mwenye kununua nyama ya mchanganyiko naye aikusanye mifupa baada ya kula, aipime, aitoe katika uzito aliolipia.

Kukaanga na kuchoma kuna sheria nyingine. Mafuta ya kukaangia hupimwa kabla, na yaliyobaki hupimwa baada, na yaliyopungua ndiyo yaliyoingia katika chakula. Ila nyama ya nguruwe yaweza kutoa mafuta yake yenyewe hata kikaango kikabaki na mengi kuliko yaliyotiwa, na hapo ziada hupunguzwa katika hesabu badala ya kuongezwa. Shahamu idondokayo juu ya makaa imekwenda na moshi, wala haipimiki. Kwa nyama choma, basi, namba ya majedwali iliyoandikwa kwa nyama iliyochomwa ni afadhali kuliko kujidai hesabu isiyowezekana.

Fauka ya hayo, nyama hailiwi peke yake mezani. Mchele wa Kyela hufanya kinyume cha nyama: badala ya kutoa maji huyanywa, hata gramu 100 za mchele, zenye kalori 360 hivi, zikavimba kuwa wali wa karibu gramu 280, ambao kila gramu 100 zake zina kalori 130 tu. Kwa hiyo mtu atumiaye vipimo vya vitu vibichi kwa sahani iliyopakuliwa huukuza wali karibu mara tatu na kuipunguza nyama kwa thuluthi, kisha akaacha wali kwa hofu na kuongeza kinofu kwa amani.

Limebaki jambo moja ambalo wastani wa chungu hauwezi kulisema. Zile kalori 154 ni za nyama na mchuzi vikiwa vimechanganyika sawasawa, na ni nadra upawa kuchota sawasawa: mmoja hupata vinofu, mwingine hupata mchuzi wa kulowekea wali. Atakaye kujua haki ya kila sahani na aichuje nyama, aipime mbali, auache mchuzi upoe mpaka mafuta yaelee, ayaengue kwa kijiko na kuyapima. Yakiwa gramu 60, mchuzi ulibeba kalori 540 za mafuta, lakini protini karibu yote imebaki katika vinofu. Mzee aliyeambiwa na tabibu apunguze mafuta ataona kwamba kwake yeye upawa wa kuogopwa ni ule wa juu. Na mama mwenye mtoto mdogo, ambaye kwa desturi hupewa mchuzi kwa kuwa nyama ni ngumu kwa meno yake, ataona kuwa sahani ya mtoto, ijapokuwa ina kalori, imekosa kile kimjengacho, na kwamba yafaa kinofu chake kikatwekatwe kiwe laini kabla ya upawa kuwafikia wakubwa.